Monita ipi inakuonyesha zaidi kwenye gemu: 4K, skrini pana, au tatu kwa pamoja?

Watu wengi wakitafuta monita ya gemu huanza kwa kuhesabu pikseli, zile nukta ndogo zinazounda picha. Mtu anatoka kwenye 1080p, anajikusanya miezi kadhaa, ananunua 4K, anawasha gemu ileile, na nguzo iliyokuwa imekatwa na ukingo wa skrini bado imekatwa palepale. Picha imekuwa safi, majani hayana tena meno ya msumeno pembeni, lakini adui anayenyemelea ubavuni haonekani mapema hata kidogo kuliko jana. Pesa imetoka, na alichokitaka hakikuwemo kwenye boksi.

Alichokitaka ni FOV, yaani pembe ambayo kamera ya gemu inaifungua kutazama dunia yake. Pembe hiyo inaamuliwa na umbo la skrini, na sheria aliyoiweka mtengenezaji wa gemu, na namba unayoichagua mwenyewe kwenye mipangilio. Kisha kuna umbali kati ya macho yako na kioo, ambao ndio unaoamua kama namba hiyo itakukaa vizuri au itakutia kichefuchefu. Rezolusheni, yaani idadi ya pikseli, ina kazi yake, tena kubwa, ila si hiyo.

1080p, 1440p na 4K

Hizi zote tatu kwa kawaida zina umbo moja, 16:9, yaani upana kwa kimo. 1080p ina pikseli milioni 2.07, 1440p ina milioni 3.69, na 4K ina milioni 8.29, mara nne kamili ya ile ya kwanza. Gemu ya kisasa ya 3D inapochora, inaanza na pembe ya kamera, kisha inaikata picha hiyo vipande vingi au vichache kulingana na rezolusheni. Ukiongeza vipande, pembe haibadiliki. Ndiyo maana hata ukiwasha DLSS au FSR, ambazo zinachora picha kwa pikseli chache kisha zinaikuza, hupotezi hata digrii moja ya pembeni.

Faida ya pikseli iko mbali, katikati ya skrini. Chukua mtu mwenye urefu wa mita 1.8 aliyesimama mita 100 kutoka kwako, na FOV ya 90 kwa mlalo. Kwenye 1080p anachorwa kwa pikseli kama 17 tu kutoka kichwani hadi miguuni. Kwenye 1440p anakuwa na 23, na kwenye 4K karibu 35. Kwa pikseli 17, kichwa chake ni nukta mbili tatu zinazochanganyika na kichaka. Kwa 35 unaona bega, unaona kama ameinama, unaona bunduki imeelekea wapi.

Sasa fungua kitelezi cha FOV, kile cha kusogeza namba hiyo kwenye mipangilio, hadi 120, kama gemu nyingi za risasi zinavyoruhusu kwenye kompyuta. Mtu yuleyule, mita 100 zilezile, 1080p ileile, anashuka hadi pikseli 10. Gemu imelazimika kubana dunia pana zaidi ndani ya kioo kilekile, kwa hiyo kila kilicho katikati kimesinyaa. Ukipanda hadi 4K bila kugusa kitelezi, anarudi kwenye 20. Hapo ndipo rezolusheni na FOV zinapokutana kweli: pikseli nyingi zinakuruhusu kufungua pembe bila kumpoteza adui wa mbali. Kwa mtu mwenye 1080p ningebaki kati ya 90 na 105, maana 120 inaonekana tamu kwenye video za wengine lakini inakunyang'anya risasi za masafa marefu.

Imani kwamba rezolusheni kubwa inaonyesha zaidi haikutoka hewani. Gemu za zamani za 2D zilichora kila askari kwa idadi ileile ya pikseli, kwa hiyo skrini yenye pikseli nyingi ilionyesha ardhi zaidi. Age of Empires II ya mwaka 1999 ilikuwa hivyo: aliyecheza kwa 1280×1024 aliona shamba kubwa kuliko aliyebaki kwenye 800×600. Diablo II nayo ilianza kwa 640×480, na nyongeza yake ya mwaka 2001 ilipoleta 800×600, wachezaji waliona majini yakija kutoka mbali zaidi. Ukiwa bado unacheza za namna hiyo, kanuni ya zamani ipo hai. Kwa karibu kila kitu cha 3D, imekufa zamani.

Umbo ndilo linalofungua pembeni

Gemu nyingi za leo zinashikilia pembe ya wima, juu hadi chini, kisha zinaongeza au kupunguza pembeni kulingana na upana wa skrini. Counter-Strike 2 ni mfano mzuri kwa sababu haina kitelezi cha FOV, umbo peke yake ndilo linaloamua. Kwenye 4:3 unapata digrii 90 za mlalo. Kwenye 16:10, umbo la laptopu nyingi za sasa, unapata kama 100. Kwenye 16:9 unapata 106. Ukiweka skrini pana ya 3440×1440, hesabu inafika karibu 122, na kwenye ile ndefu ya 32:9 inagonga 139.

Jambo ninalolipenda kuliko yote kwenye skrini pana ni hili. Adui wa mita 100 kwenye monita ya inchi 34 ya 3440×1440 ana pikseli zilezile alizokuwa nazo kwenye inchi 27 ya 1440p, kwa kuwa pembe ya wima haijaguswa. Kitelezi kinachukua kutoka katikati ili kulisha pembeni. Umbo pana halichukui kitu, linaongeza. Kama unataka kuona zaidi bila kumfanya adui awe mdudu, hakuna njia nyingine ya haki isipokuwa kupanua kioo chenyewe.

Lakini gemu lazima ikubali. Valorant imefungwa kwenye 103 kwa 16:9, na kwenye skrini pana inakupa michirizi miwili myeusi pembeni. Elden Ring vilevile ilitoka mwaka 2022 ikiwa imefungwa kwenye 16:9. Kuna pia kundi la gemu zinazofanya kinyume: zinashikilia pembe ya mlalo, kisha zinakata juu na chini ili picha ienee skrini pana. Hapo aliyelipa zaidi anaona kidogo zaidi, na inaudhi. Kama unacheza Valorant saa zote na huna gemu nyingine ya maana, skrini pana ni hasara tupu. Chukua inchi 24 au 27 ya 16:9 yenye hezi nyingi, yaani inayojichora upya mara nyingi kwa sekunde, na ubaki na chenji.

Wapo wanaokwenda upande wa pili kwa makusudi. Kwenye Counter-Strike, wachezaji wengi wa mashindano wanatumia 1280×960, umbo la 4:3, kisha wanaivuta ijaze skrini ya 16:9. Wanapoteza digrii 16 za pembeni, na kwa malipo hayo kila adui anaonekana mnene kwa theluthi moja zaidi. Unene huo haukuongezei nafasi ya kumpiga kwa mausi, kwa sababu mwendo wake wa kushoto na kulia nao unavutwa kwa kiwango hichohicho. Mtindo huo ulianza enzi za monita za kioo kinene, na mazoea kwenye mchezo wa sekunde ni mali. Kwa anayeanza leo, sioni sababu ya kutupa digrii 16 kabla hajajua mambo yanatokea wapi.

Wachezaji wa PUBG Mobile wanalijua suala hili kwa jina jingine. Wote wamewahi kusikia habari za kuona kama iPad: tableti yenye umbo linalokaribia 4:3 inaonyesha zaidi juu na chini kuliko simu nyembamba, na anayeshuka kwa parashuti anaonekana mapema. Ni kanuni ileile ya umbo, imegeuzwa tu. Programu zinazoilazimisha simu ijifanye iPad sizishauri, akaunti yako inaweza kufungiwa.

Namba moja, maana mbili

Kabla hujalinganisha FOV yako na ya rafiki, ulizeni gemu inapima nini. Minecraft ya Java inaanza na 70, na mtu anayetoka Valorant yenye 103 anaiona kama ni finyu sana. Sivyo. Sabini ya Minecraft ni ya wima, na kwenye skrini ya 16:9 inageuka kuwa kama 102 za mlalo. Ziko sawasawa. Anayepandisha Minecraft hadi 103 kwa kufuata Valorant anajikuta na karibu digrii 132 za mlalo, vitalu vya pembeni vimerefuka kama vimevutwa kwa mkono. Assetto Corsa, gemu ya mbio za magari, nayo inapima wima. Ukiona namba ndogo mahali ulipotarajia kubwa, shuku hilo kwanza.

Inchi 27, 34, 49, au tatu

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, kwa hiyo vipimo kwanza. Safu ya mwisho ya jedwali ni pembe ambayo kioo chenyewe kinaijaza mbele ya macho yako ukikaa sentimita 60, nikihesabu kana kwamba ni bapa.

| Skrini | Pikseli | Upana wa kioo | Pembe kwa sm 60 |
|---|---|---|---|
| Inchi 24, 16:9 | 1920×1080 | sm 53 | 48° |
| Inchi 27, 16:9 | 2560×1440 | sm 60 | 53° |
| Inchi 32, 16:9 | 3840×2160 | sm 71 | 61° |
| Inchi 34, 21:9 | 3440×1440 | sm 80 | 67° |
| Inchi 49, 32:9 | 5120×1440 | sm 120 | 90° |
| Tatu za inchi 27 | 7680×1440 | sm 60 kila moja | karibu 160° |

Tazama urefu wa wima, ambao wauzaji hawausemi. Inchi 27, inchi 34 pana na inchi 49 zote zina kimo cha sentimita 33 hadi 34. Inchi 34 ni inchi 27 iliyoota masikio, na inchi 49 ni inchi 27 mbili zilizounganishwa bila mpaka katikati. Anayetoka kwenye inchi 32 ya kawaida, yenye kimo cha sentimita 40, akanunua 34 akidhani amepanda, anashangaa picha imekuwa fupi.

Mzigo kwa kadi ya grafiki unafuata pikseli. Inchi 34 inadai theluthi moja zaidi ya 1440p ya kawaida. Inchi 49 inadai mara mbili, na bado iko chini ya 4K. Tatu zinadai mara tatu, pikseli milioni 11, zaidi ya 4K kwa theluthi. Juu ya hapo, kwa kuwa pembe ni pana, vitu vya kuchorwa vinaongezeka pia, magari, miti, watazamaji wa mbio. Kadi inayosukuma 1440p kwa fremu 100 itaimudu inchi 34 bila shida, ila kwenye tatu itahema.

Kisha kuna kuvutika kwa picha pembeni, tatizo ambalo picha za matangazo hazilionyeshi. Gemu inachora dunia kana kwamba inaimwaga juu ya kioo kimoja bapa. Katikati, digrii moja inachukua nafasi ndogo. Kadiri unavyokwenda pembeni, digrii hiyohiyo inatandazwa zaidi na zaidi. Kwenye FOV ya 106 ukingo umevutwa karibu mara tatu ya katikati, na macho yameshazoea hilo. Kwenye 122 ya skrini pana unafika mara nne. Kwenye 139 ya inchi 49 unafika mara nane, na gari linalokupita ubavuni linarefuka kama basi. Kupinda kwa kioo kunasaidia jicho, maana pembe za skrini zinakaribia kuwa umbali sawa na katikati, lakini gemu yenyewe haijui kwamba kioo kimepinda. Samsung Odyssey G9 ya mwaka 2020, ile ya inchi 49 iliyopindwa kwa nusu kipenyo cha mita moja, inachorewa picha bapa kama monita nyingine yoyote.

Monita tatu zinaweza kulitibu tatizo hilo kabisa, au kulizidisha mno. Inategemea gemu. Watengenezaji wa kadi za grafiki wana njia zao za kuziunganisha: AMD walileta Eyefinity mwaka 2009, NVIDIA wakafuata na Surround mwaka 2010, na zote zinaiambia gemu kwamba una skrini moja ndefu ya 48:9. Gemu isiyojua zaidi ya hapo inatandaza picha moja bapa, na kwa pembe ya wima ya Counter-Strike ukingo unavutwa mara 17. Skrini za pembeni zinakuwa ukungu wa rangi tu. Gemu inayoelewa, kama iRacing ya mbio za magari, inakuuliza upana wa kila monita, umbali wako, na pembe uliyozigeuzia, kisha inachora picha tatu tofauti, kila moja na kamera yake. Assetto Corsa ya mwaka 2014 nayo inaweza. Hapo ukigeuza shingo kulia kuangalia mlango, unaona gari la mpinzani likiwa na umbo lake halisi, na unajua kama liko sambamba na gurudumu lako la nyuma au la mbele. Hakuna skrini moja inayokupa hilo.

Kwa inchi 27 kwenye umbali wa sentimita 60, kila monita ya pembeni igeuzwe kama digrii 55 kuelekea kwako. Wengi wanaziacha karibu zimenyooka kwa sababu ukutani zinapendeza, kisha wanalalamika kwamba picha imevunjika kwenye maungio. Na kwenye gemu inayoomba FOV ya wima, namba sahihi kwa umbali huo ni kama 31. Siku ya kwanza inaonekana kama unatazama kwa bomba. Vumilia kidogo. Ukubwa wa gari la mbele sasa unalingana na ukubwa wake wa kweli, na mahali pa kukanyaga breki panaanza kueleweka kwa macho bila kutegemea bango la mita 100.

Kwa Euro Truck Simulator 2, gemu ya kuendesha malori, ushauri wangu ni tofauti. Ukichukua kabini ya usukani wa kulia, kama malori yetu, kioo cha kutazamia nyuma cha kushoto kiko mbali, ng'ambo ya kabini nzima. Kwenye 16:9 kinatoka nje ya picha, na inabidi ubonyeze F2 vioo vijitokeze juu ya skrini na kuziba barabara, au uzungushe kichwa kwa mausi wakati trela linaingia kwenye kona. Inchi 34 inakurudishia sehemu kubwa ya kioo hicho. Inchi 49 inavionyesha vyote viwili bila kugusa kitu. Monita tatu zinawezekana pia, ila kuzipanga kunakupeleka kwenye mafaili ya gemu, na kwa mwendo wa lori sioni faida inayolipa usumbufu huo. Hapa inchi 49 inashinda, na kwa bajeti ya wastani inchi 34 inatosha kabisa.

Monita mbili, na zile za mtumba

Kariakoo ya Dar na Luthuli ya Nairobi zimejaa monita zilizotoka maofisini, nyingi za inchi 19 za 1280×1024 au inchi 22 za 1680×1050. Ni chuma kizuri kwa kazi, na bei inavutia kuchukua mbili. Kwa gemu, mbili hazifai: ukitandaza picha moja juu ya monita mbili, maungio yanaangukia katikati, juu ya alama ya shabaha. Cheza kwenye moja, ya pili iwe ya gumzo la Discord na ramani. Ile ya 1280×1024 ni umbo la 5:4, nyembamba hata kuliko 4:3, kwa hiyo kwenye Counter-Strike inashuka hadi kama digrii 86. Ya 1680×1050 ni 16:10 na inakaa vizuri zaidi. Ukitaka tatu za bei nafuu, tafuta tatu za aina moja hasa, zenye ukingo mwembamba, maana kimo kikitofautiana hata sentimita mbili mstari wa barabara unakatika kila unapovuka kutoka skrini moja kwenda nyingine.

Runinga sebuleni

Inchi 55 inaonekana kubwa kuliko vyote hapo juu. Ukikaa mita mbili na nusu, inajaza digrii 27 tu za macho yako, karibu nusu ya monita ya inchi 27 mezani. Ndiyo sababu gemu za konsoli kwa miaka mingi zimewekewa FOV finyu: dirisha likiwa dogo, pembe kubwa ingefanya kila kitu kuwa kidogo mno. Tabu inaanza ukiichomeka PlayStation kwenye monita ya mezani. Dirisha limekuwa kubwa, pembe imebaki ya sebuleni, na kila ukigeuka haraka kichwa kinazunguka. Tafuta kitelezi kwenye mipangilio, kisogeze juu. Kama gemu haina kitelezi, sogeza kiti nyuma.

Meza

Inchi 49 inataka meza ya sentimita 120 kamili, na miguu yake inatapakaa. Tatu za inchi 27 zilizogeuzwa vizuri zinachukua kama sentimita 130 kwa upana, ila zile za pembeni zinakuja mbele karibu nusu mita, kwa hiyo kiti kinaingia kati yao na viwiko vinahitaji nafasi. Kwenye meza yenye kina cha sentimita 60, mguu wa kawaida wa monita unakula sentimita 20 na zaidi, na kioo kinakusogelea hadi sentimita 40. Pima kutoka mahali macho yako yanapokaa hadi kioo kitakapokaa, si kutoka ukingo wa meza, na kama hupati 60, weka bajeti ya mkono wa kubana mezani kabla ya kuongeza hata inchi moja ya skrini.